Bosi Si Baba Yangu

Lile bango niliandika mimi. Wacha nianze hapo, usije ukadhani nimekuja kulaumu watu nikiwa nimesimama kando na mikono safi. Mwaka wa 2019 mkurugenzi wetu alitaka maneno ya kuweka kwenye ukuta wa mapokezi, na kwa kuwa ofisini nilijulikana kama "yule wa Kiswahili", kazi ikaniangukia. Nilikaa dakika 10 nikarudi na maneno manne: HAPA SISI NI FAMILIA. Mzee akayapenda sana. Yakachongwa kwa herufi za rangi ya dhahabu, yakatundikwa juu ya kochi la wageni, na mimi nikapigiwa makofi kwenye mkutano wa Jumatatu. Barua yangu ya kuomba nyongeza ya mshahara, niliyoipeleka mwezi huohuo, haijajibiwa mpaka leo.

Kampuni sitaitaja. Iko Nakuru mjini, inauzia wakulima mbegu na dawa kutoka Molo mpaka Subukia, na wakati wangu ilikuwa na wafanyakazi 28. Hata nikiitaja haitakusaidia, kwa sababu kama hukufanya kazi hapo ulifanya kazi kwa binamu yake. Ghorofa ya juu yetu kulikuwa na ofisi nyingine ambayo pia ilikuwa familia. Ng'ambo ya barabara, familia nyingine. Kenyatta Avenue nzima, kuanzia juu hadi chini, ni ukoo mmoja mkubwa ambao mwisho wa mwezi hukumbuka kwamba hauna pesa.

Mimi ni wa 1990. Wanaopenda kupanga watu kwa miaka wanatuita kizazi cha milenia. Nyumbani tunaitwa vijana hadi siku tunapoomba mkopo. Tulitoka chuo tukapigwa na msoto, na ukishasota miaka miwili na digrii kwenye bahasha, mtu akikwambia "karibu kwenye familia" hutauliza swali la pili. Utalia kidogo chooni, utampigia mamako, halafu utaanza kazi Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu saa moja na nusu ni maombi na maombi hayahesabiwi kwenye saa za kazi.

Nikueleze hiyo familia ilivyokuwa. Mkurugenzi tulimwita Mzee, mkewe tukamwita Mama. Kundi la WhatsApp liliitwa Familia Yetu na halikuwa na usiku. Saa nne usiku Mzee anaandika: "Watoto wangu, nani anajua stoki ya Njoro imebaki ngapi?" Unajibu ukiwa kwenye matatu ya Kaptembwa. Unajibu ukiwa kwenye matanga. Aliyejibu wa kwanza alipewa kidole gumba, na mazee, sisi watu wazima wenye ndevu tulikipigania hicho kidole. Mwisho wa mwaka tulipelekwa Elementaita, tukavalishwa tisheti, tukala nyama, idara ya mauzo ikavuta kamba na watu wa hesabu. Januari tukagundua siku hiyo ilikatwa kwenye likizo zetu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa 2018. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inampa baba wiki mbili za likizo yenye malipo kamili. Nilichukua siku tatu. Siku ya tatu Mzee alinipigia, akanipongeza, akauliza jina la mtoto, halafu akauliza nafikiri nitarudi lini. Hakuniamuru. Baba haamuru, anauliza tu kwa sauti fulani. Kesho yake nilikuwa kwenye dawati langu, na nilijiona mwanamume wa maana sana. Mke wangu hiyo siku ya nne hajaisahau. Wala hajaacha kuitaja.

Ukisoma mpaka hapa unaweza kusema haya ni malalamiko madogo. Ni kweli. Familia haikuvunji siku moja. Sasa sikiliza kubwa.

Katikati ya 2021, mwenzangu wa idara ya hesabu, dawati la mkono wangu wa kushoto, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Akakimbizwa hospitali, akafanyiwa upasuaji, mtoto akatoka salama. Mumewe alipofika dirisha la malipo akaambiwa kadi ya NHIF haifanyi kazi. Michango haikuwa imeingia kwa miezi saba. Yule mwanamke alikuwa na hati zake zote za mshahara, kwa sababu watu wa hesabu hutunza karatasi, na kila mwezi ilionyesha amekatwa shilingi 950. Pesa zilitoka kwake. Hazikufika. Bili ilikuwa imepita laki moja, na bila kulipa hakuna kutoka.

Familia ikafanya kile familia hufanya: ikachanga. Kundi lilifunguliwa usiku huohuo. Tukatuma elfu moja moja, mlinzi akatuma mia tatu. Asubuhi Mzee akatuma elfu 20 na kundi likalipuka. Mungu akuzidishie Mzee. Baba wa wengi. Ni wachache kama wewe. Mimi mwenyewe niliandika, "Hii ndiyo maana ya familia," nikaweka na moyo mwekundu. Ujumbe huo bado uko kwenye simu yangu. Sijaufuta makusudi.

Hebu tupige hesabu pamoja, hesabu ambayo sikuipiga usiku ule. Wafanyakazi 28. Kila mmoja anakatwa kwa kiwango cha mshahara wake, tuseme wastani wa shilingi 900 kwa mwezi. Miezi saba. Hiyo ni shilingi 176,400. Mzee alichukua pesa zetu 176,400, akaturudishia elfu 20, na tukamwombea dua. Halafu bili iliyobaki tukailipa sisi wenyewe, kwa ajili ya bima ambayo tulikuwa tumeshailipia. Tulinunua ng'ombe mmoja mara mbili na bado maziwa tukanyimwa.

Sisemi Mzee alinunulia gari zile pesa. Nilimfahamu miaka minane, si mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu wa hili jambo ulipo. Serikali za kaunti huchelewesha malipo ya watu waliozifanyia kazi, wakulima hununua kwa deni wakingojea mavuno, benki hazingojei mvua. Nadhani zile 950 zilienda kulipa mishahara yetu wenyewe. Yaani alitukopa bila kutuuliza, akatulipa kwa pesa zetu, na tukasema asante. Mfanyabiashara mdogo wa Nakuru anabanwa kweli. Lakini akibanwa kuna watu wawili wa kubeba mzigo: benki, ambayo ina karatasi na mawakili, na mfanyakazi, ambaye ana bango. Unajua nani atabebeshwa.

Na hili si suala la tabia njema tu. Kifungu cha 19 cha sheria hiyohiyo ya ajira kinasema mwajiri akishakata pesa za mfanyakazi kwa mujibu wa sheria, lazima azipeleke zinakotakiwa kwa wakati uliowekwa. Asipopeleka ametenda kosa. Kosa, kama lile la mtu aliyeiba kuku Rhonda na kulala korokoroni. Ila yule wa kuku hakuwa na kundi la WhatsApp la kumwita baba wa wengi.

Yule mwenzangu alimaliza miezi mitatu ya uzazi akarudi. Wiki ya pili akaitwa, akaambiwa nafasi yake imeunganishwa na nyingine. Tulimkatia keki. Mama alilia kwa kweli, kwa machozi. Mzee akasema, "Mlango huu uko wazi, wewe utabaki familia." Ijumaa hiyo, saa kumi na moja jioni, kundi likatuandikia kwa ile lugha yake baridi kwamba ameondolewa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza hili neno lilitoka wapi. Wenzangu wa Nairobi husema ni fasheni ya kampuni za teknolojia za Marekani, zile za viti vya mifuko na chakula cha bure. Huenda kwao ni hivyo. Kwetu Bonde la Ufa hatukuhitaji Marekani itufundishe. Sisi tulizaliwa ndani yake.

Baba yake babu yangu alikuwa skwota kwenye shamba la Mzungu upande wa Njoro. Sheria ya 1918 ilitaka mtu kama yeye amfanyie kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na badala yake apewe mahali pa kujenga, kulima na kuchungia mifugo. Mwanamume yeyote wa Kiafrika mwenye umri wa kazi alitakiwa kubeba kipande, kilichotiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kwenye kipande mwajiri aliandika umeanza lini, mshahara ni kiasi gani, na siku ya kuondoka akatia sahihi. Ukiondoka bila sahihi wewe ni mtoro, na utoro ulikupeleka jela. Juu ya hayo yote kulikuwa na upendo. Nyanya alisimulia kwamba Bwana aliwaita watu wake watoto, kwamba Krismasi aligawa blanketi na sukari, kwamba mtu akiugua Bibi wa Bwana alimletea dawa yeye mwenyewe. Mtu wa miaka 50 aliitwa boi. Halafu, katika miaka ya 1920, masetla walipoona mifugo ya maskwota imezidi, waliifagia bila fidia. Wazee walikiita kifagio. Jina zuri, halihitaji maelezo.

Nikisoma hayo namwona Mzee wetu, ambaye babu yake mwenyewe alibeba kipande. Hakuna aliyemfundisha darasani. Aliangalia jinsi mwenye mali anavyokaa na watu wake katika bonde hili, akakaa hivyo. Ukitaka kuondoka unahitaji barua yake ya sifa. Ukiugua anakuja na matunda. Ukidai, umekosa shukrani. Mtoto hadai kwa babake. Mtoto huomba, halafu hungoja hali ya baba iwe nzuri.

Baba yangu aliajiriwa kwenye kiwanda pale eneo la viwanda, wakati Nakuru bado ilikuwa na viwanda vya kutosha kuamsha mji kwa ving'ora. Hakuwahi kuita kiwanda familia. Alisema "naenda kazi", na saa kumi na moja jioni alisema "nimetoka kazi", na kati ya hayo mawili hakuna aliyempigia simu, kwa sababu simu hakuwa nayo. Alikuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi aliyoiweka ndani ya Biblia. Kadi hiyo haikuwa muujiza. Viongozi wa chama walinenepa naye akabaki vilevile. Lakini mwajiri alipotaka kubadilisha saa za zamu, alilazimika kukaa mezani na watu waliokuwa wamesoma mkataba. Baba alikuwa na upande. Sisi tulipewa viti mezani, tukaambiwa pande zimeisha.

Ule mji wa baba umeondoka. Kiwanda cha betri cha Eveready, kilichoanza 1967, kilifungwa 2014. Pareto iliyolisha nusu ya bonde hili ilikufa mikononi mwa bodi yake huku wakulima wakidai. Mwaka wa 2021, tarehe 1 Desemba, tukapewa hati ya kuwa jiji, na nilisherehekea kama wengine. Jiji lina maduka makubwa na majengo ya vioo. Ajira iliyokuja ndani ya vioo hivyo ni ya mkataba wa miezi mitatu unaofufuliwa kama pampu ya zamani, na tabasamu.

Na kama unadhani ukubwa wa kampuni ungetuokoa, kumbuka kwamba bonde hili ndilo lililozaa maduka makubwa ya Kenya. Nakumatt lilianza kama duka la magodoro hapa Nakuru, na jina lake ndilo linalosema hivyo. Tuskys ilianzia Rongai yetu. Zote mbili zilikuwa biashara za familia, za damu kabisa. Wadai wa Nakumatt walipiga kura ya kuifunga Januari 2020. Tuskys ikaanza kuzama mwaka huohuo, baada ya ndugu wenyewe kupelekana kortini kuhusu mali. Watu waliopanga unga kwenye rafu kwa miaka walijikuta kwenye foleni moja na benki na wauzaji wa maziwa, wakidai. Kama ndugu wa tumbo moja hufikishana mbele ya jaji, wewe wa rafu ya sabuni undugu wako utashika wapi?

Kuna jambo jingine, na hili ni la hapa kwetu hasa. Nakuru, ukisema "familia", swali linalofuata hata lisiposemwa ni: ya nani?

Januari 2008 nilikuwa na miaka 17. Nilisikia harufu ya nyumba zikiungua na kujua tofauti ya moshi wa makaa na moshi wa godoro. Uwanja wa maonyesho ulijaa mahema. Majirani waliokuwa wakituazima chumvi waliondoka na lori na hawakurudi. Mji huu unajua kuliko mji wowote wa Kenya kwamba familia ina mpaka, na mpaka huo unaweza kuchorwa usiku mmoja.

Sasa nenda ofisini kwetu saa saba mchana, wakati wa chakula. Mzee anaketi, anaanza hadithi kwa lugha ya mama. Nusu ya meza inacheka. Nusu nyingine inacheka baadaye kidogo, kwa heshima, kama watu wanaotazama filamu bila tafsiri. Mimi nilikuwa nusu ya kwanza. Nilielewa vichekesho vyote. Nilipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa mauzo 2022, mwenzangu aliyeniuzia darasa zima, aliyekuwa na miaka miwili zaidi yangu na wateja wengi zaidi, alibaki pale alipokuwa. Alinipongeza. Hakuuliza kitu, na mimi sikusema kitu, kwa sababu sote tulijua kwamba ndani ya familia kuna watoto na kuna watoto wa kambo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuajiri zaidi ya theluthi moja kutoka jamii moja. Kampuni ya mtu binafsi haihesabiwi hivyo, ingawa kifungu cha 5 cha sheria ya ajira kinamkataza mwajiri yeyote kubagua kwa asili ya mtu. Lakini utamshtaki vipi mtu aliyekuita ndugu? Ukisema umebaguliwa, unasema humo ndani hukuwa ndugu kamwe. Ni aibu kwako, si kwake.

Ndiyo maana nasema neno hili ni la hatari mara mbili kwetu. Linamnyima mfanyakazi haki zake, na linarudisha ofisini ule ukuta tulioapa, baada ya moshi, kwamba hatutaujenga tena.

Wakubwa zetu wana jibu lao: vijana wa siku hizi hamna uvumilivu. Mnataka kila kitu leo. Sisi tulilala dukani, tulitembea kwa miguu kutoka Lanet. Nawasikia, na naheshimu mvi. Lakini uvumilivu tulivumilia. Mwaka wa 2020, corona ilipoingia, tulikatwa theluthi ya mshahara "kwa miezi mitatu, kama familia". Ikawa miezi 14. Hakuna aliyegoma. Hakuna aliyeandika barua. Kizazi changu kilivumilia mpaka uvumilivu wetu ukawa sehemu ya bajeti ya kampuni, mstari wake kabisa, pale kati ya umeme na maji.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa kijana wa miaka 22.

Alikuja kwa mafunzo ya kazi, Mei 2024. Juni hiyo unaijua. Vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Nakuru nao wakajaa, na tarehe 25 Bunge likaingiliwa. Julai, kwenye mkutano wa Jumatatu, Mzee alimaliza kuongea, akauliza kama kawaida yake, "Kuna swali, watoto wangu?" Swali hilo huulizwa ili tusimame tupige makofi. Kijana akainua mkono. "Samahani Mzee. Nauliza tu, NSSF ya wafanyakazi imelipwa mpaka mwezi gani?"

Boda boda ilipita nje na tukaisikia mpaka ilipopinda. Mzee akatabasamu, akamwekea mkono begani. "Kijana wangu," akasema, "hapa tunaongea mambo ya familia. Hayo ni mambo ya ofisi."

Tukacheka wote. Nami nilicheka, na nilicheka kwa nguvu, kama msimamizi.

Usiku nikiwa kitandani lile jibu likanirudia. Mambo ya familia, mambo ya ofisi. Kumbe Mzee alijua tofauti. Miaka yote hiyo alijua kuna ofisi na kuna familia, na alijua ni lini afungue mlango upi. Tukitakiwa kutoa, tuko kwenye familia. Tukitaka kupokea, hiyo ni ofisi, rudi kesho. Sisi peke yetu ndio tuliokuwa hatujui kuna milango miwili. Niliamka, nikaingia kwenye akaunti yangu ya NSSF gizani, mwanga wa simu usoni, nikahesabu miezi isiyokuwa na kitu. Ilikuwa 14.

Mafunzo ya yule kijana yaliisha Agosti. Hakuongezewa muda, na hakushangaa. Mimi na wengine wawili, ambao pia walihesabu miezi yao kitandani, tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Haikuwa na matusi. Iliorodhesha miezi, kiasi, kifungu cha sheria, na kuomba jibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jibu lilikuja kwa simu, saa tatu usiku: "Mmeniumiza kama mzazi." Tukaenda ofisi ya kazi. Yule afisa alisoma barua yetu bila mshangao wowote, kama daktari anayeona malaria ya kumi siku hiyo. Ilichukua miezi, lakini michango ya miezi tisa ililipwa. Mitano bado. Niliondoka Januari 2025, bila keki.

Sitaki usome hapa ukadhani nataka ofisi ya watu wasiosalimiana. Mtu akifiwa, nitachanga. Nitaenda mazishi Bahati, nitaenda Mauche, nitabeba sufuria. Huo ni utu, na utu hauhitaji hati ya mkurugenzi. Wala sitaki bosi mbaya, nataka bosi. Mtu anayenipa barua ya ajira yenye kazi yangu, mshahara wangu na saa zangu, kama kifungu cha 10 kinavyosema. Anayejua kwamba katika siku saba kuna moja ambayo si yake, na katika mwaka kuna siku 21 za kazi ambazo hatanipigia. Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka mswada wa kumlinda mfanyakazi asilazimishwe kujibu simu baada ya saa za kazi, jambo ambalo Ufaransa imelitungia sheria tangu 2017. Shirikisho la Waajiri likapinga. Soma hoja zao kisha uangalie simu yako saa nne usiku.

Nataka pia sisi wa kizazi changu tuache kujipendekeza. Tuliwafundisha hawa wadogo zetu kwamba kuuliza mshahara kwenye mahojiano ni utovu wa adabu. Kwamba kutoka ofisini saa kumi na moja kamili ni uvivu. Tunawaita wajeuri kwa sababu wanafanya mambo ambayo sisi tuliogopa kuyafanya, halafu tunawacheka kwenye mikutano kwa nguvu zaidi ya bosi. Mzee alikuwa na bango, lakini mabango hayajiandiki. Sisi ndio tuliokuwa na Kiswahili kizuri.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule mwenzangu wa hesabu. Ana duka la nguo za watoto Free Area sasa, na msichana mmoja wa kumsaidia. Nilimwomba msamaha kwa ule ujumbe wa 2021, wa moyo mwekundu. Alikuwa ameshausahau. Akaniuliza nilichanga ngapi. Nikamwambia elfu moja. Akapiga hesabu kichwani, ile tabia yake haijaisha, akasema, "Basi wewe uliibiwa mara mbili na ukashukuru mara mbili." Halafu akaniomba nisubiri, akageuka kumlipa yule msichana, kwa maana ilikuwa mwisho wa mwezi. Alimhesabia mkononi, akampa karatasi atie sahihi, akamwonyesha kwenye simu kwamba mchango wa SHA umeingia. Msichana akasema asante, akachukua mkoba wake. Saa kumi na moja zilikuwa zimefika, akaenda kwao.